Stelingi Hakosei: Tunachokosea kuhusu filamu za wauaji za miaka ya 1980

Kuna filamu ambazo wengi wetu tulidhani zimezikwa pamoja na deki za VHS. Ni zile za Kimarekani za bajeti ndogo ambamo muuaji wa mfululizo anawamaliza watu mmoja baada ya mwingine, kisha anatokea askari mwenye uso mgumu na bastola kubwa anayemwinda hadi barabarani. Nusu filamu ya kutisha, nusu filamu ya mapigano. Katika miaka ya karibuni zimefufuka kwa kishindo. Blue Underground, kampuni iliyoanzishwa na mwongozaji William Lustig mwenyewe, imezirudisha sokoni Maniac, Vigilante na Maniac Cop 2 kwa picha ya 4K iliyosafishwa upya. Vinegar Syndrome ya Connecticut imejenga biashara nzima juu ya kuokoa filamu za namna hii, na huko Marekani majukwaa ya bure kama Tubi yamejaa kazi za aina hiyo. Vipande vyake vinafika hadi kwenye simu zetu: stelingi anavuta risasi, muuaji anaanguka, na chini yake maoni mamia. Ubishi unaofuata huwa ni uleule. Upande mmoja unaziita takataka zilizofundisha watu ukatili, na hauelewi kwa nini mtu atumie pesa kuzisafisha. Upande wa pili unaziita sanaa iliyodharauliwa, burudani ya watu wa kawaida ambayo wasomi hawakuwahi kuipenda.

Pande zote mbili zinabishana kuhusu damu, na mimi naona damu siyo kiini cha jambo hili. Filamu hizi zilikuwa zinauza uhakika. Mtazamaji anamwona muuaji kwa macho yake mapema kabisa, anaiona sura yake, anakiona kisu mkononi. Kisha anamtazama askari ambaye anajua yote tunayoyajua sisi, kwa hisia tu, na filamu haihangaiki kueleza amejuaje. Kuanzia hapo wakili, hakimu na sheria ya ushahidi wanaonekana kama watu waliosimama mlangoni kumzuia mzima moto asiingie. Kwani kuna haja gani ya kuthibitisha tulichokwisha kukiona? Hoja hiyo ina nguvu sana ukiwa umekaa mbele ya skrini. Nje ya skrini haina miguu, kwa sababu hakuna polisi duniani aliyewahi kupewa dakika kumi za kwanza za filamu. Ndiyo maana nafurahi kwamba filamu hizi zimehifadhiwa, na ndiyo maana nasikitika tunapozitazama vibaya.

Tuanze na pesa, maana uhakika huo ulizaliwa kwenye hesabu. Mwaka 1979 binamu wawili kutoka Israeli, Menahem Golan na Yoram Globus, waliinunua kampuni ya Cannon. Walikuwa na mtindo wao wa kufanya biashara: filamu inauzwa kabla haijapigwa. Wanakwenda kwenye tamasha la filamu la Cannes na bango lenye jina la nyota na kichwa kinachovutia, wasambazaji wa nchi mbalimbali wanasaini mikataba, na mikataba hiyo ndiyo inayozaa fedha za kutengenezea filamu. Bango kama hilo lazima liwanase wanunuzi wengi kwa mpigo. Wakati huo kulikuwa na soko mbili moto. Halloween ya 1978, iliyotengenezwa kwa takriban dola 325,000, na Friday the 13th ya 1980, iliyogharimu kama 550,000, zilikuwa zimeonyesha kwamba muuaji mwenye kisu anaweza kuleta mamilioni. Na tangu Death Wish ya 1974, jina la Charles Bronson peke yake lilitosha kuuza filamu ya kulipiza kisasi kuanzia New York hadi Manila. Kuunganisha soko hizo mbili lilikuwa wazo la kibiashara kabla halijawa wazo la kisanii.

Muungano huo ulikuwa na tatizo la kiufundi. Hadithi ya upelelezi wa kweli ni ghali. Inataka muswada uliofumwa vizuri, washukiwa watano au sita wanaochezwa na waigizaji wanaojua kazi, na muda wa kupanda dalili na kuzivuna. Ukimwonyesha muuaji tangu mwanzo, gharama hizo zinaondoka: unabaki na mwigizaji mmoja, kisu kimoja, na mji wa kuzurura usiku. Lustig alitengeneza Maniac ya 1980 kwa dola 350,000 hivi. Tukio lake maarufu zaidi, la kichwa kufumuliwa kwa bunduki ndani ya gari, lilipigwa kwa bunduki halisi katika mitaa ya New York bila kibali chochote. Fundi wa vifaa bandia, Tom Savini, ndiye aliyeifyatua, na kichwa kilichofumuliwa kilikuwa sanamu ya kichwa chake mwenyewe, kwa kuwa ndiye pia aliyecheza mhanga. Hali za kazi zilikuwa hizo. Hakukuwa na nafasi ya fumbo, na pale fumbo lilipotoka, uhakika ukaingia.

Mfano kamili ni 10 to Midnight, ya Cannon, iliyotoka Machi 1983. Nataka nikae nayo kidogo, kwa sababu inatajwa kila mara na mara chache inatazamwa kwa makini. Mwongozaji wake, J. Lee Thompson, hakuwa kijana wa mtaani. Ndiye aliyeongoza The Guns of Navarone mwaka 1961. Mwandishi wake, William Roberts, jina lake liko kwenye muswada wa The Magnificent Seven. Bronson anacheza Leo Kessler, mpelelezi mzee wa Los Angeles. Gene Davis anacheza Warren Stacy, fundi wa mashine za ofisi, mzuri wa sura, anayeua wasichana waliomkataa. Anaua akiwa uchi, na hivyo hakuna nguo ya kubaki na damu. Mauaji ya kwanza tunayaona mapema sana. Tunaona pia ujanja wake: anaingia sinema, anawasumbua wasichana waliokaa karibu ili wamkumbuke, anatoka kupitia dirisha la choo, anaua, anarudi kumalizia filamu. Sisi tunajua kila kitu. Kessler anamtazama mara moja na yeye anajua pia.

Kinachokosekana ni ushahidi. Basi Kessler anafanya kitu ambacho Kiswahili chetu kina jina lake kamili: anambambikia. Anachukua damu ya marehemu maabara na kuipaka kwenye nguo za Stacy. Mwenzake kijana, McAnn, anagundua na anakataa kwenda kusema uongo mahakamani. Kessler analazimika kukiri, kesi inafutwa, yeye anafukuzwa kazi, na Stacy anatoka akiwa huru. Baadaye anavamia makazi ya wanafunzi wa uuguzi anakoishi binti wa Kessler na kuwaua wenzake. Mwisho wake ni barabarani usiku: Stacy yuko uchi mbele ya polisi, anapiga kelele kwamba atasema ana wazimu, atatibiwa, ataachiwa, atarudi. Kessler anamjibu kwa maneno machache na kumpiga risasi ya kichwa.

Kwa miaka arobaini wapenzi wa filamu hii wameisoma kama shtaka dhidi ya sheria laini, na wapinzani wake wamekubaliana nao kuhusu maana na kutofautiana nao kuhusu uzuri tu. Mkosoaji wa filamu Roger Ebert hakuipa hata nyota moja. Lakini hebu ifuate hadithi yenyewe hatua kwa hatua. Stacy aliachiwa kwa sababu gani? Haki ya kukaa kimya haikumwokoa. Hakimu hakumhurumia. Aliachiwa kwa sababu ya damu iliyopakwa na Kessler. Askari aliyetafuta njia ya mkato ndiye aliyeiua kesi, na wauguzi wale walikufa katika siku ambazo kesi hiyo haikuwepo tena. Filamu imeyaweka yote hayo mbele yetu, kisha ikayafunika kwa risasi ya mwisho ili tutoke nje tukiwa tumeridhika. Sijui kama Roberts alikusudia hivyo alipokuwa anaandika, na sihitaji kujua. Ushahidi uko kwenye filamu, kwa yeyote atakayeirudia akiwa na utulivu.

Mtu atasema ninawadai watu wa 1983 hesabu ambayo hawakuwa na muda nayo, kwa sababu walikuwa na hofu ya kweli. Hii ndiyo hoja nzito zaidi ya upande wa pili, na inastahili kusikilizwa hadi mwisho. Mwaka 1980 kiwango cha mauaji Marekani kilifika 10.2 kwa kila watu 100,000. New York peke yake ilikuwa na mauaji zaidi ya 1,800 mwaka huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 polisi wa Marekani walikuwa wakipata ufumbuzi wa zaidi ya asilimia 90 ya kesi za mauaji. Kufikia 1980 ilikuwa asilimia 72 hivi. Maana yake, zaidi ya familia moja kati ya nne ilizika mtu wake bila kesi kupata ufumbuzi. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua, katika shauri la Miranda dhidi ya Arizona, kwamba maelezo ya mtuhumiwa hayapokelewi iwapo hakuelezwa haki zake kabla ya kuhojiwa. Juni 21, 1982, baraza la wazee wa mahakama lilimwona John Hinckley, aliyempiga risasi Rais Reagan, hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Miezi tisa baadaye Warren Stacy yuko kwenye skrini akitishia kufanya hivyohivyo, na mwaka 1984 Bunge la Marekani likaibana sheria ya utetezi huo wa wazimu. Wakosoaji waliocheka watazamaji wa sinema za bei rahisi za mtaa wa 42, New York, kwamba ni washamba wenye kiu ya damu hawakuwa wakitembea kwenye mitaa ile saa sita usiku. Hofu ilikuwapo, na ilikuwa na haki ya kuwa na filamu zake.

Ugomvi wangu ni jinsi filamu zilivyoipokea hofu hiyo na kuigeuzia mlango usio wake. Mtu aliyeuawa Marekani mwaka 1980 mara nyingi aliuawa na mtu anayemfahamu, katika ugomvi, au kwa bunduki ya jambazi wa kawaida. Shirika la upelelezi la FBI lenyewe limeandika kwamba mauaji ya mfululizo hayafiki asilimia moja ya mauaji yote kwa mwaka. Utetezi wa wazimu, ambao Stacy anautumia kama hirizi, ulionekana katika utafiti wa majimbo manane uliochapishwa 1991 kuwa unatumika katika takriban asilimia moja ya mashtaka makubwa, na kati ya hao wanaoutumia, kama robo tu ndio wanaofaulu. Filamu zilimchukua kiumbe adimu kuliko wote, zikampa utetezi adimu kuliko wote, kisha zikajenga juu yake hoja kuhusu kila mtuhumiwa wa kila kesi.

Na kuna jambo ambalo linaniuma zaidi. Mauaji ya wauguzi katika filamu ile yanafanana waziwazi na yale ya Chicago ya Julai 1966, ambapo Richard Speck aliwaua wasichana wanane, wauguzi na wanafunzi wa uuguzi, ndani ya nyumba moja. Tarehe hiyo ina uzito: ni mwezi mmoja tu baada ya hukumu ya Miranda. Kama sheria hiyo kweli ilikuwa inawafungulia wauaji, hapa ndipo ingeonekana. Kilichotokea ni kinyume. Polisi wa Chicago waliogopa kuiharibu kesi kiasi kwamba baada ya kumkamata hawakumhoji kwa wiki tatu. Hawakuhitaji kukiri kwake. Walikuwa na alama za vidole, na walikuwa na shahidi: msichana wa tisa, muuguzi kutoka Ufilipino, aliyejificha chini ya kitanda usiku ule na kuishi. Mahakamani alisimama na kumwonyesha Speck kwa kidole. Wazee wa baraza walitumia dakika 49 kumtia hatiani. Adhabu ya kifo ilibadilishwa baadaye, na Speck alikufa mwaka 1991 akiwa bado mfungwa. Katika kisa halisi, mwanamke aliyejificha ndiye stelingi, na silaha yake ilikuwa kumbukumbu. Filamu ilichukua miili ya wenzake, ikamwacha yeye nje, na kumweka Bronson mahali pake.

Hapa niseme kuhusu wanawake, maana ni lawama ambayo sina jibu la kuipunguza. Filamu hizi ziliishi kwa kuwavua nguo wasichana na kuwaua kwa mpangilio huohuo, na kamera ilipenda vyote viwili kwa kiasi kilekile. Picha ya 4K haiondoi hilo. Inaliweka wazi zaidi. Wapo wanaosema zama zilikuwa hivyo. Mkosoaji Gene Siskel aliitazama Maniac katika zama hizohizo, akainuka na kutoka baada ya nusu saa, na alisema hivyo kwenye televisheni. Abel Ferrara alitengeneza Ms. 45 mwaka 1981 kwa fedha kidogo sana, New York ileile, kuhusu msichana bubu aliyebakwa anayeanza kuua wanaume, na akaweka macho ya hadithi upande wake. Umaskini wa bajeti haukumlazimisha mtu yeyote kutazama kwa jicho la muuaji.

Lawama ninayoikataa ni ile inayorudi kila mwaka, kwamba filamu hizi zilizalisha wauaji. Ni nyepesi, na kwa sababu ni nyepesi inapendwa. Kama kutazama ndiko kunakoua, basi miaka ambayo kanda hizi zilifika kila duka la kukodisha video na kila sebule ya Marekani ndiyo ingekuwa miaka ya maangamizi. New York ilikuwa na mauaji zaidi ya 2,200 mwaka 1990. Mwaka 1998 yalikuwa chini ya 700, na hakuna aliyekuwa amekusanya kanda na kuzichoma. Sababu za mporomoko huo wataalamu wanaendelea kuzigombania, lakini hakuna anayesema watu waliacha kutazama. Madhara ya filamu hizi ni ya aina nyingine, na hayahitaji mtu kushika kisu. Mtazamaji anayetoka nje amejifunza kwamba mashaka ni udhaifu, kwamba anayeuliza "tuna hakika gani?" yuko upande wa muuaji. Mtu huyo hataua mtu. Atapiga kura, atakaa kwenye baraza la wazee wa mahakama, na atashangilia akisikia askari amemaliza kazi.

Jambo linalonifanya nizitetee filamu hizi mbele ya wanaotaka zioze ni kwamba zilijijibu zenyewe. Mwaka 1988, miaka mitano baada ya Kessler, Larry Cohen aliandika na Lustig akaongoza Maniac Cop, kwa bajeti ya zaidi kidogo ya dola milioni moja. Muuaji wa mfululizo ndani yake amevaa sare. Matt Cordell, anayechezwa na Robert Z'Dar, alikuwa askari anayesifika kwa kutangulia kupiga kisha kuuliza; alifungwa katika gereza la Sing Sing kwa kuvunja haki za watuhumiwa, wafungwa wakamkatakata, na sasa amerudi akiwa nusu mfu. Yaani ni Kessler yuleyule, filamu nyingine. Halafu tazama uhakika unavyovunjwa. Polisi wanamkamata mwenzao Jack Forrest, kila kitu kinamwelekea yeye, hadi mkewe ameuawa, na tunajua hana hatia. Mwanamke aliyesikia habari kwenye televisheni anamwona askari wa kawaida akisogelea gari lake kumsaidia, anaingiwa na hofu, anampiga risasi. Kwa tukio hilo moja la dakika chache, filamu ya bei rahisi imesema kuhusu jamii isiyojua tena nani mlinzi na nani muuaji zaidi ya vikao vingi vya Bunge. Cohen hakuwa na fedha kuliko Cannon. Alikuwa na shaka, na shaka haikumgharimu kitu.

Kwa hiyo utamaduni huu ni mpana kuliko watetezi wake wanavyoujua. Anayekusanya diski na kujivunia idadi ya vichwa vilivyokatwa anapoteza nusu ya anachomiliki. Anayetaka zisahaulike anatupa nyaraka za mabishano ambayo hayajaisha.

Hayajaisha kwetu pia. Filamu hizi zilitufikia kwa njia yetu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, na kwa wengi sinema ilikuwa kibanda umiza: benchi, deki, na DJ anayetafsiri. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Mukandala, Lufufu, ambaye sauti yake iliwafundisha wengi Hollywood kwa Kiswahili. Kenya ikampata DJ Afro, Uganda ikawa na VJ wake. Wafasiri hawa hawakutafsiri maneno tu. Nikiwa darasa la sita, Morogoro, niliona filamu ya Bronson katika kibanda cha mabati, na muuaji alipoachiwa, DJ hakutaja sheria ya ushahidi. Alisema, "Hapo afande mkuu ameshakula chake." Kibanda kizima kikaguna, kwa sababu kila mtu alimjua mwizi aliyekamatwa Jumatatu na kuonekana sokoni Jumatano. Risasi ya mwisho ilipolia tulisimama juu ya mabenchi.

Nimefikiri sana kuhusu sentensi ile ya DJ. Filamu ya Kimarekani ilikuwa inalalamika kwamba sheria inambana mno askari. Tafsiri ilikuwa inalalamika kwamba askari anauza sheria. Haya ni malalamiko mawili yanayopingana, na la pili ndilo letu. Lakini dawa tuliyoishangilia ilibaki ileile: askari huyohuyo ambaye hatumwamini na faili, tumwamini na bastola. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi wao waliuawa na polisi Dar es Salaam, na taarifa ikatoka kwamba ni majambazi. Kwa siku chache hadithi ilikuwa na muuaji, askari na mwisho mzuri. Ilihitaji familia zilizokataa kunyamaza na tume iliyoongozwa na Jaji Musa Kipenka kuonyesha kwamba hawakuwa majambazi hata kidogo. Kesi ilichukua zaidi ya miaka kumi hadi Mahakama ya Rufani.

Na Julai 2024, Kware, Nairobi. Miili ya wanawake ilianza kuopolewa kwenye machimbo yaliyogeuzwa jalala, umbali usiofika mita 100 kutoka kituo cha polisi. Ndani ya siku chache idara ya upelelezi ilimtangaza mshukiwa, ikisema amekiri kuwaua wanawake 42 tangu 2022. Wakili wake akaiambia mahakama kwamba maelezo hayo yalitolewa chini ya mateso. Nilisoma maoni mengi wiki ile, na yaliyopendwa zaidi yalikuwa ya Kessler: kwa nini alipelekwa mahakamani, kwa nini hakumalizwa palepale? Niliwaelewa. Hasira ile haikuwa ya bandia. Lakini hakuna aliyekuwa ametazama dakika kumi za kwanza. Hakuna aliyejua kama ni 42 kweli, kama alikuwa peke yake, kama ni yeye hata, na jinsi miili ile ilivyotupwa muda wote huo jirani na kituo bila mtu kuuliza. Majibu ya maswali hayo, kama yalikuwepo, yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja aliyepaswa kubaki hai, akahojiwa kwa halali, mbele ya hakimu.

Alfajiri ya Agosti 20 mshukiwa huyo aliondoka mahabusu ya Gigiri pamoja na wengine 12. Kaimu Inspekta Jenerali alisema uchunguzi wa awali unaonyesha walisaidiwa na watu wa ndani. Wakati huo kulikuwa na familia zilizokuwa zimetoa sampuli za vinasaba na kusubiri kuambiwa kama mabaki yaliyoko mochwari ni ya binti yao.